Meli Ilizama, Utani Ukaokoka

Baba yangu hakuwa askari. Jambo hilo niliambiwa kwa upole mkubwa, katika chumba cha mikutano cha maktaba moja ya Brooklyn Park, na kijana mwenye digrii mbili ambaye baba yake mzazi mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari kwenye barafu. Kijana huyo ndiye mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Minnesota. Aliniambia kwa sauti ile ambayo daktari humwambia mtu habari za figo zake.

"Mzee wangu, tunauheshimu sana mchango wa baba. Lakini siku hii ya kumbukumbu ni ya askari wetu waliopigana vita vya pili vya dunia. Baba alikuwa, samahani kusema, mfanyakazi wa meli ya mizigo."

"Meli iliyopigwa na nyambizi ya Wajerumani," nikamkumbusha.

"Ndiyo, mzee. Lakini yeye hakuwa anapigana."

"Ulitaka aipige nyambizi kwa koleo la makaa?"

Akatabasamu, akasema hilo ni wazo la kipekee, wangelitafakari. Mimi nimeishi Minnesota miaka mingi kuliko aliyoishi yeye duniani, na najua wazo la kipekee ni nini. Hapa mtu hakwambii hapana. Anakwambia una wazo la kipekee, anakuuliza habari za magoti yako, anakufungulia mlango, na ukishafika kwenye parkingi ndipo unagundua kuwa umefukuzwa. Vijana wetu wamejifunza adabu hiyo kabla hawajajifunza kupika wali.

Mimi ni Mzaramo. Nimezaliwa Dar es Salaam, darasa la nne nililiacha nusu, na sijawahi kulikumbuka. Nilikuwa baharia. Nchi hii niliingia kupitia Duluth, bandari ya huko juu kwenye ziwa, meli yetu ilipokuja kupakia ngano. Nilishuka kutafuta soksi nzito. Meli ikaondoka na ngano yake, mimi nikabaki na soksi. Nikapiga deki sakafu za watu, nikanunua pikapu kuukuu yenye jembe la kusukumia theluji, na leo nina magari sita na watu wanaoniita bosi. Wasomi wetu wote waliojenga Woodbury wangekuwa wanaingilia dirishani kila Januari kama si mimi. Nalisema hili lijulikane mapema, ili msomaji asije akadhani nilikwenda pale maktaba kuombaomba.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja. Nilitaka jina la baba lisomwe ukumbini pamoja na majina mengine, na lisomwe kabla ya chakula, kwa maana chakula kikishafunuliwa hakuna anayemsikiliza hata malaika. Sikutaka nishani. Sikutaka picha yake ukutani, na picha yenyewe sina. Kaburi lake lilikuwa kando ya barabara, barabara ikapanuliwa, makaburi yakahamishwa, na hadi leo nikiuliza yamehamishiwa wapi kila ndugu anaonyesha upande wake. Nina wajukuu wanane hapa. Ukiwauliza babu mkubwa aliitwa nani, wanajibu kwa Kiingereza kwamba hawana uhakika. Mimi nikifa, jina lile limekwisha. Nilitaka lipate kusikika mara moja ndani ya masikio ya watu wengi.

Sasa, ushahidi. Mwenyekiti aliniuliza kama kuna mtu anayeweza kuisimulia habari ya meli ile, ili kamati iitazame upya. Hapo ndipo shida ilipokuwa, maana baba mwenyewe hakuwahi kuisimulia. Ukimuuliza ile meli ilikuwaje, alikuwa anasema, "Ilizama," kisha anaomba chumvi. Habari yote tuliyokua nayo nyumbani tuliipata kwa watani.

Kwa vijana waliolelewa na televisheni, nieleze. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi wao walipokuwa wanateremka pwani na mizigo kichwani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana, na wewe huna ruhusa ya kununa. Kwenye msiba ndiyo kazi yake hasa. Anaingia akilia kuliko wafiwa, halafu ghafla anauliza kama marehemu ameacha kuku. Anavaa kanzu ya marehemu na kutembea kama yeye, akikohoa kama yeye, mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Asipokuja mtani, msiba unakuwa kama umekosa maji.

Katika meli ya baba kulikuwa na Mnyamwezi mmoja, kutoka Tabora. Wote wawili walikuwa wachochea makaa, wale wanaokaa tumboni mwa meli na kulisha moto kwa koleo. Walizama pamoja, wakaokoka pamoja, wakarudi Dar na kuishi mtaa mmoja, wakitukanana hadi uzee. Mtoto wake nimekua naye. Alifanya kazi ya reli maisha yake yote, akastaafu, kisha binti yake ambaye ni nesi akamleta huku. Anakaa Hopkins, ghorofa ya tatu, kwenye jengo la zamani lenye joto la kukausha samaki. Kwa hiyo nilipoambiwa nilete shahidi, nilimleta yeye. Nilimpitia Hopkins mwenyewe. Njiani alilitukana gari langu, uendeshaji wangu, na kofia yangu. Nikajua yuko tayari.

Kamati ilikuwa imekaa: mwenyekiti, katibu, na wengine watatu wanaotazama simu. Katibu ni mwanamke kijana, mfanyakazi wa ustawi wa jamii, mwenye moyo mzuri na sauti ya kubembeleza mtoto mwenye homa. Akamwambia mtani wangu, "Shikamoo mzee. Karibu utusimulie."

"Marahaba, binti yangu." Akasimama, akavuta suruali juu, akaninyooshea kidole. "Kwanza msimsikilize huyu mla ubwabwa. Wazaramo hawajawahi kusema kweli toka waumbwe. Meli ilipigwa mchana, saa ya chakula. Kila mtu anakimbilia maisha yake. Mwingereza kachukua ramani. Mhindi kachukua Kurani yake. Baba wa huyu alichukua nini? Sufuria! Sufuria ya ubwabwa, imejaa, na mwiko ndani! Meli inazama, yeye anauliza nani kaona kifuniko!"

"Na baba yako je?" nikamkata. Siwezi kunyamaza, ni mwiko kunyamaza. "Nyambizi ilipoibuka juu ya maji, Mjerumani katokeza kichwa kuuliza ile ilikuwa meli gani. Mpagazi huyu akadhani ni gari moshi! Akasimama kwenye boti, akavua kofia, akauliza kama inafika Tabora!"

"Afadhali aliyeuliza nauli kuliko aliyeuliza kifuniko!"

"Wabeba mizigo nyie! Mmezoea kupanda chochote!"

Tulikuwa tunaanza tu kupata joto. Nikageuka kuitazama kamati. Simu zilikuwa zimewekwa chini. Katibu amefunika mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti amekuwa na rangi ya majivu.

"Wazee," akasema. "Wazee wangu. Huu ni ukabila."

Tukatazamana, mimi na mtani.

"Ni nini?" akauliza mtani.

"Ukabila. Kumtukana mwenzako kwa kabila lake. Hatujaja Minnesota kuleta ukabila. Kuna watoto kwenye jengo hili."

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia ni utani. Akaniambia kwamba ndivyo wote wanavyosema, kwamba kazini kwao walishawahi kupewa semina, na mtu akishaumiza mwenzake husingizia utani. Nikamwambia huyu hajaumia, mtazame, anatafuta biskuti. Katibu akasema kwa ile sauti yake kwamba mara nyingi maumivu ya wazee wanaume huwa yamejificha. Mtani akauliza kama yamejificha karibu na biskuti. Hakuna aliyecheka. Nadhani huo ndio ulikuwa mwanzo wa mimi kuogopa, kwa sababu mtu asiyeujua utani unaweza kumfundisha, lakini mtu aliyefundishwa semina utamwanzia wapi?

Wakatoka nje kushauriana, wakarudi na uamuzi. Majina ya baba zetu wawili yatasomwa. Nikaruka kidogo kwenye kiti. Lakini, akasema mwenyekiti, kwa sharti kwamba sisi wawili kwanza tupatanishwe na mtaalamu, na kwamba siku ya shughuli hakuna atakayefungua mdomo kumtukana mwenzake. Nikasema sawa. Ningesema sawa hata kama wangeniambia niende kupatanishwa na nyambizi.

Mtaalamu alikuwa mama wa Kizungu mwenye soksi za sufu na macho ya huruma, na ofisi iliyonukia tangawizi. Alituweka kwenye viti vilivyopangwa duara. Katibu alikuja kutafsiri, maana mtani Kiingereza chake ni cha kuulizia choo. Yule mama alitoa jiwe moja laini, akasema amelitoa ufukweni mwa ziwa kubwa kule kaskazini, na kwamba anayelishika jiwe ndiye anayezungumza, wengine wanasikiliza kwa moyo.

Akampa mtani. Mtani akalipima mkononi, akaligeuza, akalitazama kwa muda mrefu.

"Jiwe hili," akasema, "lina akili kuliko Mzaramo yeyote niliyewahi kukutana naye."

Katibu akatafsiri kwamba mzee analiheshimu sana jiwe.

Mama akafurahi. Jiwe likaja kwangu. Akaniuliza, "Mwenzako anapokusema vibaya, unahisi nini mwilini?"

Nilifikiri vizuri, kwa sababu aliuliza kwa adabu. "Njaa," nikasema. Ni kweli. Utani mzuri hutangulia chakula, na tumbo langu limezoea hivyo.

Huyo mama aliandika kwamba nina njaa. Akaniuliza kama nilikosa chakula utotoni. Nikamwambia ndiyo, mara nyingi, na aliyekuwa akinilia chakula changu ni huyu hapa. Mtani akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anajizuia asicheke, lakini yule mama akampa karatasi laini za kufutia machozi, na yeye mwenyewe akachukua moja. Mimi sina ubaya naye. Nimeona watu wakilipwa kwa kazi mbovu kuliko ile, na tangawizi yake ilikuwa ya kweli.

Mtani akaninong'oneza, "We mla ubwabwa, tukumbatiane haraka, vinginevyo huyu mama atatuasili."

Tukakumbatiana. Katibu akalia. Mtaalamu akasema hajawahi kuona jambo kama lile.

Njiani kumrudisha Hopkins nilimwambia lazima tujizoeze. Tumepewa dakika tatu kusema machache kabla ya majina kusomwa, na tumeahidi tutasema kistaarabu.

"Anza wewe," akasema.

"Wazee wetu walikuwa wachochea makaa katika meli ya mizigo."

"Walikuwa watu wema."

"Wema sana. Meli ilibeba mkonge."

"Ikapigwa na topido."

"Ikazama."

"Wao wakaokoka, alhamdulillahi."

Hadithi ikaishia hapo. Tulikuwa bado hatujavuka hata taa ya pili.

"Endelea," nikamwambia.

"Niendelee na nini? Sufuria siruhusiwi. Tabora huruhusiwi. Kilichobaki ni hicho."

Nilijaribu kutafuta kitu kingine cha kusema kuhusu baba yangu kwenye boti ile, kitu cha heshima, na sikukipata. Kila nilichokijua kilikuwa ndani ya tusi. Sauti ya baba, miguu yake mirefu, alivyokuwa mwoga wa papa, alivyojifunga shuka kichwani kwa jua, vyote nilivipata kwa huyu na kwa baba yake, katika kunikejeli. Ukiyaondoa matusi, baba yangu anabaki yule wa kwenye meza ya chakula. Ilizama. Nipe chumvi.

"Tutasema hayohayo," nikasema. "Bora jina lisomwe."

"Bora lisomwe," akakubali, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu akashuka garini bila kunitukana. Sikuipenda ile hali hata kidogo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Novemba, theluji ile ya kwanza ambayo haijaamua kama ni theluji au mvua. Ukumbi ulikodishwa kwenye kanisa. Watu walijaa, na si Watanzania tu. Walikuwapo Wakenya na chapati zao, na kina mama wa Kikongo na masufuria ya sombe, kisamvu chao, kila mtu akiwa amekuja na wazee wake na sahani zake. Kamati ilikuwa imefanya kazi kubwa, sitawanyima haki yao. Kulikuwa na slaidi ukutani, zenye ndege za kivita ambazo hata mimi nisiye na darasa niliona zimetengenezwa juzi. Kulikuwa na mgeni rasmi, mwanasiasa wa mji anayetafuta kura, aliyesema "Jambo" mara nyingi kuliko idadi ya waliomjibu. Kulikuwa na risala, na utangulizi wa risala, na shukrani kwa aliyetoa utangulizi.

Mimi nilivaa suti. Mtani naye alivaa suti, ya mkwe wake, mikono imemfika kwenye vidole. Kamati, kwa usalama, ilituketisha pembe mbili za mbali za ukumbi, kama mabondia.

Risala zilikula muda. Nikamwona katibu akimwonyesha mwenyekiti saa, na mwenyekiti akikata mambo kwenye ratiba yake kwa kalamu. Nikajua dakika zetu tatu zimekatwa. Sikujali. Tulikuwa hatuna cha kusema ndani yake.

Akaanza kusoma majina ya askari. Alisoma vizuri. La mwisho lilikuwa la babu yake mwenyewe, aliyepelekwa vitani Bama, yaani Burma, na hakurudi, na alipofika hapo sauti ilimkatika akabidi anywe maji. Nilimheshimu wakati ule. Nikasema moyoni, huyu ni mtu, anajua ninachokitaka kwa sababu yeye mwenyewe anakitaka.

Kisha akatazama saa, akamtazama mgeni rasmi aliyekuwa ameshavaa koti, akasema haraka, "Pamoja na mabaharia, wapagazi na wengineo wote." Akafunga faili. "Sasa tumkaribishe kiongozi wa dini abariki chakula."

Wengineo.

Nilikaa. Nilikuwa nimeahidi, na mimi nikiahidi kusukuma theluji ya mtu saa kumi na moja alfajiri, saa kumi na moja nipo. Mfuniko wa kwanza wa pilau ulikuwa umeshafunuliwa, nikaisikia harufu, nikajua imekwisha. Baba amekuwa wengineo. Nikainuka nichukue koti langu.

"Mwenyekiti!"

Sauti ilitoka pembe ya kule. Mtani alikuwa amepanda juu ya kiti, mzee wa umri ule, mikono ya suti inaning'inia.

"Mwenyekiti, kuna mwizi wa ubwabwa umemsahau!" Na akalitaja jina la baba yangu. Hakulitaja jina moja tu. Alitaja la baba, la babu yangu aliyemzaa baba, na kijiji chetu huko Kisarawe, kama inavyotakiwa, kwa maana huwezi kumtukana mtu sawasawa bila kusema ni nani na wa wapi. "Huyo ndiye aliyeacha meli ya watu inazama, akaokoa sufuria!"

Mwenyekiti akaishika maikrofoni. "Mzee, tafadhali, tulikubaliana..."

Nami nikapanda kiti changu. Magoti yalilalamika, nikayapuuza. Nikalitaja jina la baba yake, la babu yake, na kijiji chao karibu na Tabora. "Huyo naye msimsahau! Ndiye aliyeipungia nyambizi mkono akidhani ni gari moshi!"

"Endelea, papa!" akapiga kelele bibi mmoja wa Kikongo karibu na masufuria ya sombe. "Tuko tunasikia!"

"Sufuria hiyo mnaicheka?" akasema mtani kwa watu wote. "Boti ilikuwa inavuja. Waingereza wanachota maji kwa kofia. Ubwabwa uliliwa siku ya kwanza, na Mzaramo akalia kuliko alivyolilia meli! Halafu sufuria ikachota maji mpaka boti ikakauka. Mvua ikanyesha, wakakingia sufuria. Watu wote wa boti ile walikunywa kwenye sufuria ya mlafi!"

"Na Mnyamwezi akinywa kwanza," nikasema, "akidai wao ndio wanaobeba, kwa hiyo waanze wao!"

Sasa watu walikuwa wanacheka. Wazee wa kutoka nyumbani walikuwa wameshaelewa toka jina la kwanza, na nikamwona Mpare mmoja amemgeukia Mchaga aliye jirani yake na kuanza kumweleza jambo kuhusu tabia za Wachaga. Mwenyekiti alikuwa bado amesimama na maikrofoni, akitafuta pa kuingilia. Mama yake mzazi, aliyekuja kumtembelea majira yale, akamvuta koti. "Kaa chini, baba," akamwambia. "Kaa, waache wazee wamalize."

"Wakatukanana asubuhi mpaka jioni," akaendelea mtani, na sasa alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama watu. "Ofisa wa Kiingereza akaona hawa watauana. Akamweka mmoja mbele ya boti na mwingine nyuma. Wakawa wanatukanana juu ya vichwa vya watu!" Watu wakatutazama, mmoja pembe hii, mwingine pembe ile, ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Alikingoja kipungue. "Siku ikafika Mzaramo akanyamaza. Kafumba macho, mdomo umepasuka. Mhindi akasema huyu kaenda. Ofisa akasema mfunikeni. Baba yangu kule nyuma akasema msimguse. Akamtukana. Kimya. Akamtukana mama yake. Kimya. Akatukana ngoma ya Wazaramo, akatukana nazi, akatukana pwani yote toka Bagamoyo mpaka Kilwa. Kimya. Mwisho akamwambia, na ule ubwabwa wako haukuwa na chumvi."

Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Maisha yangu yote sijawahi kulisikia.

"Jicho moja likafunguka," akasema mtani. "Akasema, mshenzi wewe, ulikuwa nayo."

Sijui kicheko kile kilikaa muda gani. Najua nilishuka kwenye kiti, na kwamba sikuwa na jibu, na kwamba kwa desturi yetu asiyekuwa na jibu ameshindwa. Nikashindwa mbele ya Wakenya na Wakongo na mgeni rasmi, aliyekuwa amevua koti tena na anarekodi kwa simu yake. Baadaye aliuliza kama mchezo ule huonyeshwa kila mwaka.

Chakula kikaanza bila kubarikiwa. Mwenyekiti alinifuata kwenye foleni. Hakuwa na sauti ya daktari tena.

"Mlivunja ahadi, mzee."

"Tulivunja."

"Nilisoma jina la babu yangu, na hakuna atakayekumbuka. Watakumbuka sufuria."

Alikuwa na haki. Nikamwambia pole. Nikamuuliza babu yake alikuwa kabila gani, akanitajia, nikamwambia kama angekuwa na mtani mzuri ningempa dakika zangu. Akasema mwakani hatutaalikwa. Nikamwambia ni wazo la kipekee. Karibu atabasamu, akajizuia, akaenda kumsaidia katibu kupanga viti.

Mtani alikuwa ameshakaa na sahani mbili, yangu na yake. Mwanamke mmoja kijana akasimama mbele yetu na mtoto mgongoni na pilau mkononi, Mkenya kwa lafudhi, simjui mpaka leo.

"Samahani wazee," akasema. "Yule wa sufuria aliitwa nani vile?"

Nikamwambia. Akalirudia, akakosea katikati.

Mtani akamwambia tena, kwa sauti kubwa zaidi, huku mdomo umejaa nyama. Safari hii yule mwanamke alilitamka vizuri.